Barua kwa sahibu yangu aliyeko Maskati: kabla hujaja likizo

Unguja,
Mwezi wa Julai.

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Nimefurahi kusikia kwamba shemeji na watoto hawajambo, na kwamba safari hii umepewa likizo ya mwezi mzima. Lakini nimesikitika uliponieleza kuwa siku zako za mapumziko huzimaliza kitandani na simu mkononi, na kwamba ikiingia magharibi hujiona umechoka kuliko siku uliyokwenda kazini. Umeniuliza mimi nafanya nini hata nikawa naingojea Jumamosi kwa hamu tangu Jumanne. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo lenyewe nalipenda, na katika watu wote ninaowajua wewe ndiye ningependa tulifanye pamoja.

Shughuli zangu za mapumziko ni tatu tu: baiskeli, kamera, na taarabu inayopigwa mbele ya macho yangu. Sikukaa nikazipanga ziende pamoja. Zimekutana zenyewe, kwa sababu kila moja humtaka mtu awe pale alipo kwa mwili na kwa akili, na kila moja humfundisha kitu kidogo kidogo, hata miaka ikipita akajikuta anaona na kusikia mambo ambayo zamani yalikuwa yakimpita. Kulala si kubaya, na mwili una haki yake. Ninachoamini ni kwamba akili iliyotumikishwa wiki nzima haipumziki kwa kuachwa bure, bali hupumzika ikipewa kazi nyingine inayoipenda.

Nianze na baiskeli, kwa kuwa ndiyo inayonifikisha kwenye hayo mengine. Kisiwa chetu hakina milima ya kumtoa mtu pumzi. Kinachompa mwendeshaji kazi ni upepo. Miezi hii ya kusi, ukitoka mjini kuelekea kusini upepo unakupiga usoni njia nzima, na ukirudi unakusukuma mgongoni, kwa hiyo nguvu zako unazitumia asubuhi ungali mzima na jioni unarudishwa nyumbani kwa wepesi. Kaskazi ikivuma mambo hugeuka, nami huwa naelekea upande wa Bububu na Mangapwani. Ukizoea kupanga safari kwa upepo utashangaa namna unavyoanza kuijua nchi uliyozaliwa.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Fumba. Si ndefu, ni kama kilomita 20 kutoka mjini, na hata aliyeacha baiskeli kwa miaka anaimudu bila taabu. Unapita Kiembesamaki na uwanja wa ndege, magari yanapungua, unaingia Dimani na Bweleo, kisha unaanza kuisikia harufu ya bahari kabla hujaiona. Nyumba mpya zinajengwa kwa wingi upande huo siku hizi, lakini ukishuka hadi ufukweni utakuta ngalawa zimepandishwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu zao kivulini, na mbele yako imetandaa Ghuba ya Menai na visiwa vyake vidogo.

Huko Fumba ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, karibu na mwaka 1880. Unajua kwamba kabla ya kujulikana alikuwa akiuza vyungu, akivichukua kichwani kijiji hadi kijiji na hata mjini, na anayeipita barabara hiyo kwa baiskeli, jua likiwa limepanda na chupa ya maji imekwisha, anapata kuelewa ule mwendo ulikuwa mzigo wa namna gani kwa mwanamke aliyekwenda kwa miguu huku akiviita vyungu vyake kwa sauti. Mwaka 1928 sauti hiyo hiyo ilirekodiwa Bombay kwenye santuri, na taarabu ambayo kwenye majumba ya masultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu ikaingia barazani kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nikiyajua haya kwa kusoma, lakini nilipoanza kwenda Fumba kwa baiskeli ndipo yaliponiingia.

Sasa nije kwenye hiyo taarabu. Najua unazo nyimbo zote kwenye simu, na sikukatazi kuzisikiliza. Hata hivyo, nakuomba ukija tukae angalau jioni moja ndani ya chumba ambamo wapigaji wenyewe wamekaa. Vikundi vipo: wapo Ikhwani Safaa, walioanza mwaka 1905, na wapo Culture Musical Club pale Vuga, tangu mwaka 1958. Tamasha la Sauti za Busara ni zuri, na mtu akijaaliwa kuwapo hapa mwezi wa Februari asilikose, lakini mimi nikipewa nichague, nitachagua jioni ya mazoezi ambayo wasikilizaji ni wachache kuliko wanamuziki.

Nitakueleza kwa nini. Kwenye mazoezi unamwona mpigaji wa kanuni akitia sauti chombo chake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nazo zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti moja, kwa hiyo yeye huinama na ufunguo wake mdogo, akakaza huu, akalegeza ule, akazigusa zote tatu pamoja na kutega sikio, mpaka zisikike kana kwamba ni uzi mmoja. Kisha anavaa pete zake kwenye vidole vya shahada, anachomeka ndimi za kupigia, na anapita juu ya nyuzi mara moja kutoka chini hadi juu. Hapo wapigaji wa fidla wananyamaza. Mpiga udi anamtazama, ngoma ya dumbaki inaingia, na bashrafu, yaani muziki wa kufungulia usio na maneno, inaanza. Nimewahi kuona wimbo ukisimamishwa katikati kwa sababu fidla moja ilichelewa kurudi kwenye kiitikio, ukaanzwa tena, ukasimamishwa tena, na mara ya mwisho ulipopita moja kwa moja mpaka mwisho, furaha iliyokuwamo chumbani hakuna santuri inayoweza kuichukua. Nilijifunza jioni ile zaidi ya niliyojifunza kwa miaka ya kusikiliza nyimbo zilizokwisha kunyooshwa.

Ukitaka kuchangamka, tutatafuta kidumbaki. Hicho hakina mambo makubwa: fidla moja, ngoma mbili ndogo za udongo, sanduku lenye uzi na mti linalotoa sauti nzito ya besi, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, na cherewa za kutikisa, basi. Lakini harusini kikipigwa, hakuna anayebaki kitini. Watu huinuka kwenda kutunza, na kila anayeinuka humpelekea mwimbaji noti yake mkononi kwa mwendo wa madaha, na akiwa na jambo lake moyoni hulingojea lile neno linalomhusu ndipo asimame. Msikilizaji naye ni sehemu ya muziki, na hiyo ndiyo sababu nasema kwamba taarabu ya kwenye simu ni nusu yake. Ninakuomba jambo moja tu: usiishike simu kurekodi. Mimi hupiga picha mbili au tatu mwanzoni, kwa idhini ya wenyewe, kisha kamera naifungia mfukoni mwake mpaka tunapoondoka.

Kuhusu kamera, yangu ni ndogo, yenye lenzi moja ya milimita 35, nami sina hamu ya kubwa zaidi. Kwa kuwa lenzi haivuti kitu kilicho mbali, nikitaka picha ya mtu hunibidi nimsogelee, na nikimsogelea hunibidi nimwamkie, na tukishaamkiana huwa tunazungumza kwanza. Nyingi katika picha ninazozipenda zilipigwa baada ya mazungumzo. Nimelithibitisha hilo pia kwa kuzitazama picha za zamani pale Shangani, kwenye studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ambazo ni picha za watu wa mji huu waliovaa nguo zao nzuri, wakakaa wima na kuitazama kamera bila hofu. Unaona kwamba mpigaji aliwapa muda. Heshima ile inaonekana mpaka leo kwenye karatasi, nami naitaka iwemo kwenye picha zangu.

Mwanga wa huku una tabia zake, na ni vizuri uzijue kabla hujaja na kamera. Jua letu hupanda upesi, na ule mwanga laini wa asubuhi haukai. Ikifika saa tatu, pwani yote imekuwa nyeupe na nyuso za watu zina vivuli vyeusi chini ya macho. Wengi hapo hufunga kamera zao mpaka alasiri. Mimi hufanya kinyume: jua la saa sita linapounguza ufukwe, naingia vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa sababu majumba ni marefu na njia ni nyembamba, na saa hizo ndipo jua linapochungulia kutoka juu, likagonga ukuta mmoja wa chokaa na kurudi kwenye ukuta wa pili, hata aliyekaa barazani anapata mwanga wa pande mbili usiomkunjisha uso. Mlango wa nakshi ambao asubuhi ulikuwa mweusi tii, saa hizo unaonyesha kila ua lililochongwa. Muda wenyewe ni mfupi, lakini unatosha.

Safari moja ningependa tuifanye pamoja ukishapata nguvu za miguu, nayo ni ya Paje, kama kilomita 50 kutoka mjini. Tutaondoka baada ya sala ya alfajiri, tupite Mwanakwerekwe kabla daladala hazijawa nyingi, tushike njia ya Tunguu, na tupumzike Bungi chini ya miembe mikongwe iliyosalia, ambayo husimuliwa kwamba aliipanda Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Msitu wa Jozani tutaupita kwa mwendo wa pole, maana kima punju huvuka barabara bila kuangalia. Kuanzia hapo ni kukaza mwendo tu, na upepo utakuwa mkali zaidi kadiri tunavyoikaribia pwani ya mashariki.

Ninaitaka safari hiyo iangukie siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na bahari yote ya ndani ya mwamba inabaki uwanja wa mchanga na vidimbwi. Hapo ndipo wanawake wanapotoka na vigingi na kamba kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hicho cha kuuza nje kilianza pwani ile mwaka 1989, na mabinti wengine wanaokifanya leo walikipokea kwa mama zao. Jua la saa nne ni kali, kweli, lakini mchanga uliolowa hulirudisha kutoka chini, ukamwangazia uso mtu aliyeinama kufunga mwani kambani. Mwanga wa aina hiyo sijauona kwingine. Ila watu wale wako kazini, na maji hayamsubiri mtu. Kwa hiyo huwa naomba ruhusa kwa yule aliye mkubwa wao, napiga chache, nasaidia kubeba gunia wakinikubalia, na safari inayofuata nawapelekea picha zilizochapishwa. Picha iliyobaki kwenye kamera naiona kama ahadi niliyotoa na sijaitimiza.

Kamera naibeba kwenye mkoba wa begani uliokazwa mwilini, kwa sababu mtikisiko wa keria huilegeza lenzi, na ndani ya mkoba naizungushia kikoi. Nikirudi kutoka pwani huifuta chumvi usiku huo huo. Nachukua tyubu moja ya akiba, pampu, viraka, taa ya mbele na ya nyuma, na kofia ngumu sitoki bila yake. Pancha kubwa ikitokea, karibu kila kijiji kina fundi chini ya mwembe.

Usingoje mpaka ufike huku. Umeniambia kwamba una baiskeli imelala uwani. Itie upepo, itie mafuta mnyororo, na uipeleke alfajiri kwenye njia ya pwani ya Matrah kabla joto la Julai halijaamka. Milima ya Jabal Akhdar iache kwanza, kwani kupanda kule huwamaliza hata waendeshaji wa mashindano ya Tour of Oman, ambao wameyafanya kuwa kazi yao. Na kwa kuwa kila siku unapita mbele ya Jumba la Opera ukienda kazini, nalo limekuwa wazi tangu mwaka 2011, hebu siku moja uingie na shemeji mkasikilize udi ukipigwa na mtu mliyemwona kwa macho. Kisha niandikie ulichosikia, nami nitakueleza nini kwenye bashrafu zetu kinafanana nacho.

Baiskeli ya kutumia ipo. Ndugu yangu anayo Phoenix madhubuti ambayo amekubali kukuazima kwa mwezi mzima, na fundi wangu wa Darajani amesema atabadilisha breki na matairi kabla hujafika. Ameniuliza kimo chako ili aweke tandiko sawasawa, kwani magoti huumia kwa tandiko lililo chini. Basi nipimie kutoka nyonga hadi sakafu ukiwa umesimama bila viatu. Nijulishe pia tarehe ya kuwasili mara tu utakapokata tiketi, nipate kuangalia bamvua itaangukia lini na kuwauliza watu wa Vuga jioni zao za mazoezi. Shemeji na watoto wape salamu nyingi, na mama pia ukimpigia simu Pemba.

Wabillahi taufiq. Wasalaam,

Ni mimi sahibu yako.