Barua kwa mwanangu anayeanza ufundi wa bunduki

Mlandege, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mama yako anakuombea usiku na mchana, na mimi barua yako kutoka Arusha niliisoma mara mbili kabla sijafungua duka. Umeniuliza jambo moja tu, kwamba fundi wako amekutaka ujinunulie zana zako mwenyewe, fedha ulizonazo ni chache, sasa uanze na zipi. Nitakujibu kwa urefu, maana kabla hujazaliwa nilikaa miaka mitatu Tanga nikimsaidia fundi aliyekuwa na leseni ya kutengeneza bunduki za wawindaji, na hizi cherehani ninazozifungua kila siku hazijanisahaulisha niliyoyaona kule.

Wala usidhani kwamba umeihama kazi ya baba yako. Kampuni ya Husqvarna ya Sweden ilianza mwaka 1689 ikitengeneza bunduki, na ilipofika mwaka 1872 ikaanza kutengeneza na cherehani. Singer nayo, ambayo jina lake unalijua tangu hujajua kusoma, ilipata kulitengenezea jeshi la Marekani bastola 500 zama za Vita vya Pili vya Dunia. Vyombo hivi viwili vina tabia moja: vipande vidogo vya pua, yaani chuma kigumu, vinakaa pamoja katika nafasi ya unywele, vimefungwa kwa skrubu ndogo zenye mfuo mwembamba, yaani ule mfereji wa kichwani unaotiwa bisibisi, na mtu mwenye haraka huviharibu siku ya kwanza.

Kabla ya zana yoyote kuna macho yako na kidole chako. Bunduki ikiletwa mezani, elekeza mtutu pahala pasipo mtu, ifungue, itazame chemba inamokaa risasi, kisha ingiza kidole uhakikishe kwa kugusa kwamba hamna risasi, hata kama fundi wako ameshaitazama mbele yako na hata kama mwenyewe ameapa. Juu ya meza ya kazi isikae risasi hata moja. Na kazi hiyo isitoke nje ya karakana ya fundi wako mwenye leseni. Akija rafiki kukuomba umtazamie bunduki yake nyumbani, mwambie hapana, na urafiki ukivunjika kwa hilo basi uvunjike.

Sasa zana. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua bisibisi, na hapa nataka usome polepole. Bisibisi za kawaida tunazouziwa Darajani ulimi wake umechongwa kama kabari, mwembamba nchani na mnene kadiri unavyopanda. Ulimi wa namna hiyo ukiutia ndani ya mfuo wa skrubu haufiki chini, bali unagusa kingo mbili za juu tu. Ukitia nguvu, kabari inajisukuma yenyewe kutoka, inapanda, inateleza, na inapoteleza inaondoka na kingo za mfuo. Skrubu za bunduki nzuri, hasa zile za kale za Kiingereza, mifuo yake ni myembamba mno na kuta zake zimesimama wima. Zinataka ulimi wenye pande mbili zilizo sambamba, unaoujaza mfuo kwa unene, unaofika chini kabisa, na ambao upana wake unalingana na kichwa cha skrubu bila ya kukizidi, kwani ukizidi utakwangua chuma kinachokizunguka kichwa hicho.

Zipo seti zinazouzwa zikiwa zimeshachongwa hivyo, ni nzuri na ni ghali. Mwanafunzi huchonga zake. Tafuta bisibisi za zamani zenye pua nzuri na mpini mnene unaojaa kiganja, hata za mtumba, ukazichonge ulimi kwa tupa laini au kwa jiwe la kunolea. Ukitumia mashine ya kunolea ya umeme, gusisha kwa sekunde moja au mbili kisha chovya majini, gusisha tena, chovya tena. Ukiona nchani kumeingia rangi ya buluu, jua kwamba pua imeshapoteza ugumu wake na ulimi huo utapinda kwenye skrubu ya kwanza. Itakubidi uikate sehemu yote yenye buluu uanze upya. Malizia juu ya jiwe lenye mafuta, ukiuweka ulimi bapa na kuusukuma bila ya kuuyumbisha, mpaka pande zake zing'are na pembe zake ziwe kali. Kisha ujaribu: utie ndani ya mfuo, uachie mkono, na bisibisi isimame yenyewe bila ya kuchezacheza. Isiposimama, hiyo si ya skrubu hiyo. Katika mwaka mmoja utajikuta una bisibisi kumi au kumi na mbili, kila moja na skrubu zake, na usimwazime mtu akafungulie kopo la rangi.

Nakwambia haya kwa sababu yalinifika. Mwaka wangu wa kwanza Tanga ililetwa bunduki ya mitutu miwili, ubavuni pamechorwa ndege wawili wanaoruka kutoka majanini, kazi ya mkono ya mtu ambaye bila shaka aliifanya akiwa na kioo cha kukuzia jichoni. Nilitakiwa niondoe bamba la ubavu nilisafishe. Bisibisi iliyofaa ilikuwa upande wa pili wa meza. Iliyokuwa karibu ilikuwa nyembamba kidogo, nikaichukua hiyo. Iliteleza mara moja tu. Mkwaruzo haukuzidi urefu wa punje ya mpunga, lakini ulipita katikati ya bawa la ndege wa mbele. Mwenyewe alipokuja alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya bawa, ukucha ukakwama pale pale, akanitazama asiseme neno. Fundi wangu alimrudishia fedha zake zote. Mimi mpaka leo, nikiletewa cherehani, kitu cha kwanza ninachokitazama ni vichwa vya skrubu, na huwa najua ni mtu wa namna gani aliyenitangulia kuifungua.

Skrubu iliyogandamana usipigane nayo. Itie tone la mafuta mepesi yanayopenya, iache ilale mpaka kesho, kisha bana bunduki vizuri, kandamiza bisibisi kwa uzito wa bega, na jaribu kwanza kuikaza kwa kiasi cha unywele kabla ya kuilegeza, maana mara nyingi kutu huvunjika kwa kukaza. Ikikataa bado, ipashe moto kichwani kwa pasi ya kulehemu. Na kila skrubu irudi tundu lake. Chukua kipande cha boksi, chora juu yake umbo la bunduki, toboa matundu pale zilipo skrubu, na kila unayoitoa ichomeke pahala pake; kuna skrubu mbili zinazofanana machoni lakini hesi ya moja, ile mistari inayozunguka mwili wake, ni ndefu zaidi, na ukizibadilisha ile ndefu itagusa kitu ndani.

Baada ya bisibisi ni tupa. Nunua tupa bapa moja ya milimita 200 yenye meno ya kati, nyingine kama hiyo yenye meno laini, na seti moja ya tupa za sindano zenye maumbo mbalimbali. Tafuta pia moja ambayo ubavu wake mmoja hauna meno, au uondoe meno hayo mwenyewe kwa mashine, ili ukiwa unakwangua pembe ya ndani ule upande mmoja usile ukuta usiotakiwa kuguswa. Kila tupa iwe na mpini. Mkia wa tupa usio na mpini huingia kiganjani, na nimeuona ukiingia. Tupa inakata ikienda mbele, kwa hiyo inyanyue unapoirudisha. Ipake chaki kabla ya kazi laini, maana chaki inazuia vichembe vya chuma kukwama kati ya meno na kuchora mistari juu ya kipande, na isafishe kwa burashi ya waya kila baada ya mipitisho michache. Usizitupe kisandukuni zikilaliana kama dagaa. Zishonee mfuko wa turubai wenye vijumba, na kama hujasahau kushona nitafurahi sana.

Kujua wapi pa kupitisha tupa ni kazi ngumu kuliko kuipitisha, na hapa zana yako ni kibatari. Usicheke. Kipande kipya kinapotakiwa kikae ndani ya nafasi yake bila ya kucheza wala kukwama, macho hayatoshi kuona kinapogusa. Washa kibatari kidogo mbali na mafuta ya kusafishia, pitisha kipande juu ya moshi mpaka kipate utando mwembamba wa masizi, kiache kipoe, kitie mahali pake kwa upole, kisha kitoe. Pale masizi yalipokwanguka, ndipo kinapogusa. Ondoa hapo tu, mpitisho mmoja au miwili ya tupa laini, futa, tia masizi tena, jaribu tena. Kuna siku niliingiza na kutoa kipande kimoja mara arubaini tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kilipoingia kiliingia kwa sauti ndogo kama ya mlango wa saa ya mfukoni unapofungwa. Wenye karakana kubwa hutumia rangi ya buluu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini mafundi wa bunduki walitumia masizi vizazi na vizazi na hayajawahi kuwaangusha.

Lakini kuna vipande ambavyo sitaki uviguse kwa tupa wala kwa jiwe mpaka fundi wako mwenyewe akuwekee mkono wake juu ya wako, navyo ni vile vya kifyatulio, hasa pale kipande kimoja kinapokizuia kingine kisiachie. Katika bunduki nyingi za kale chuma hicho ni kigumu ngozini tu, ndani ni laini, na ngozi yenyewe ni nyembamba. Ukiikwangua ukaipita, kifyatulio kitakuwa chepesi na kizuri siku hiyo, kisha ule ulaini utalika taratibu mpaka bunduki iweze kujifyatua yenyewe mikononi mwa mtu. Mteja akitaka kifyatulio kilegezwe, mpeleke kwa fundi wako.

Panchi za kutolea pini zinakuja kwa namna mbili na unazihitaji zote. Ile fupi yenye ncha inayonenepa ni ya kuishtua pini tu, kwa pigo moja au mawili. Ile ndefu nyembamba isiyobadilika unene ndiyo ya kuitolea nje. Anayeanza na ile ndefu huipinda, na panchi iliyopinda huacha alama ya mwezi pembeni ya tundu. Iwe nyembamba kidogo kuliko pini. Jitengenezee pia mbili tatu za shaba kutokana na fimbo ya shaba ya kukata, kwa pini zinazoonekana nje, na uwe na kipande cha mti mgumu, mvule ukiupata, chenye matundu ya ukubwa mbalimbali cha kuwekea chini. Nyundo mbili zinatosha, moja ndogo ya chuma na moja ya kichwa cha shaba.

Jiliwa, chombo cha kubania kipande mezani, ni ya karakana, usinunue. Lakini mdomo wake ni wa chuma chenye meno, kwa hiyo vifuniko vyake jitengenezee mwenyewe: pea moja ya bati la shaba nyekundu na pea moja ya ngozi nene, ambayo mshona viatu yeyote atakukatia. Miwani ya kukinga macho usiikose, kwa sababu ya springi. Springi ikitaka kutoka, ifunike kwa kitambaa cheupe, ili ikiruka iishie humo. Vernia ya kupimia inayosoma milimita 0.02 ni nzuri, ila inaweza kungoja mwezi wa pili, na keekee ya kutobolea na vyombo vya kukatia hesi vingoje hata mwaka mzima.

Limebaki la mafuta. Nakujua, umechukua chupa ya mafuta ya nazi ya bibi yako. Jipake mwilini, usiyatie kwenye zana wala kwenye bunduki. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya kiasi cha nyuzi 24, na Arusha imekaa juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari; mwezi wa Juni na Julai asubuhi yatakuwa kama shahamu ndani ya chombo, na kipande kinachotakiwa kiruke kitajikokota. Tumia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja, kisha futa mpaka ubaki utando tu. Huku kwetu, kwa chumvi hii ya bahari, tupa ikilala usiku mmoja na alama za vidole vyenye jasho huamka na kutu. Huko hewa ni kavu zaidi, lakini futa kila jioni, mkono usizoee vingine.

Nimempa jirani yetu anayevuka kesho kwa boti mzigo wa kukuletea hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo mzigo utaletwa Arusha kwa basi. Ndani mna bisibisi zangu nne za Tanga, moja ikiwa ni ile iliyokuwa upande wa pili wa meza, tupa laini ambayo haijatumika, chupa mbili za mafuta ya cherehani na vipande vya ngozi. Pima kwa vernia ya fundi wako mifuo ya skrubu mnazokutana nazo zaidi, unene wa mfuo na upana wa kichwa, uniandikie kwa milimita. Nina pua nzuri hapa ya bisibisi mbili nyingine, na ulimi wake sitauchonga mpaka nipate vipimo vyako.

Wasalaam,
Baba yako