Barua ya wazi kwa wanafunzi mnaojisifia kukesha

Wanangu,

Mitihani ikikaribia mnaanza mashindano yale yale ya nani amekesha zaidi. Picha za saa tisa usiku, vikombe vya kahawa, miguu kwenye beseni la maji baridi ili macho yasifumbe. Kisha mtu anaingia kwenye mtihani, anakutana na swali alilolisoma jana usiku, jibu halitoki. "Nimesahau," anasema. Utasahauje kitu ambacho hukukipa nafasi ya kukaa?

Somo la mchana hupokelewa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo isiyokusudiwa kuwa ghala. Ukizama kwenye usingizi mzito, hipokampasi huyarudia ya mchana na kuyapeleka kidogo kidogo kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, yanakodumu. Mwaka 1994, watafiti wa ubongo Wilson na McNaughton waliliona hilo kwa panya: seli zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akitembea ziliamka tena pamoja alipolala. Wewe unayekesha unapanda mbegu juu ya mwamba, halafu unalaumu mvua.

Na yule anayesema "mimi saa tatu zinanitosha" ndiye anayenikera zaidi. Mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90. Usingizi mzito hujaa mwanzoni mwa usiku, wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. Ukilala saa saba ukaamka saa kumi, umepata mizunguko miwili tu. Tena mwenye deni la usingizi halijui deni lake: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, watu waliolala kwa muda wa saa 6 kila usiku kwa siku 14 umakini wao ulishuka kama wa waliokesha usiku mzima, nao wakadai wana usingizi kidogo tu.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Saa ya mwili wa kijana huchelewa kwa maumbile, na wa miaka 14 hadi 17 anahitaji saa 8 hadi 10. Sisi wakubwa tunamgongea kengele kabla ya mapambazuko, akisinzia darasani tunamwita mvivu.

Basi fanyeni hivi. Jioni soma lililo gumu, funga kitabu, jiulize maswali bila kuchungulia, ulale. Asubuhi jiulize tena kabla ya kukifungua. Kahawa mwisho saa nane mchana, kwani muda wa saa 5 hivi baada ya kuinywa, nusu ya kafeini yake, kile kinachokuweka macho, bado imo mwilini. Lepe la mchana lisizidi dakika 20, la sivyo utaamka na kichwa kizito. Simu ilale chumba kingine. Saa ya kuamka iwe ile ile, hata siku za mapumziko.

Na kama mtihani ni kesho na hujamaliza, chagua mada mbili zenye uzito, zisome hadi saa nne usiku, uzime taa. Zilizobaki ziache.