Barua ya wazi kwa Mwanapatholojia Mkuu wa Serikali ya Kenya: kimo cha marehemu kipimwe kwa vipimo vya watu wetu

Kwa heshima, Daktari,

Nakuandikia kuhusu mfupa wa paja, na ile tarakimu ya kimo inayoandikwa mfupa huo ukishapimwa.

Tangu yaanze kufukuliwa, Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola hapa Kilifi, walikozikwa waumini wa dhehebu lililowahimiza kufunga hadi kufa, zaidi ya miili 400 imetolewa msituni. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Vipimo vya DNA huchukua muda, tena hutaka jamaa wa kutoa sampuli. Wakati familia zinangoja, kimo husaidia kupunguza orodha ya wanaotafutwa. Kikikadiriwa vibaya, humwondoa kwenye orodha mtu aliyepaswa kubaki, na mama yake hataitwa kamwe.

Fomyula za kukadiria kimo kutokana na mifupa zinazojulikana zaidi duniani ni za Mildred Trotter na Goldine Gleser, za mwaka 1952. Walitumia mifupa ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, ambao kimo chao kilikuwa kimeandikwa jeshini. Chukua paja la sentimita 45. Fomyula ya wanaume weupe inatoa kimo cha sentimita 168.5, ya weusi inatoa 165.3. Mfupa ni uleule! Na hata hiyo ya weusi ilitokana na Wamarekani, si Wagiriama wala Waturkana. Mtu mwenye miguu mirefu kuliko kiwiliwili chake, kama ilivyo kwa wengi katika jamii za Waniloti kama Waturkana, akipimwa kwa fomyula ya watu wenye maumbile mengine ataandikwa mrefu kuliko alivyokuwa.

Kuna pia suala la kukosea, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Fomyula hiyo ya weusi ina kosa la kawaida, yaani kipimo cha kitakwimu cha jinsi makadirio yanavyoweza kupotoka, la sentimita 3.94. Ukitaka kuwa na uhakika wa takriban asilimia 95, liongeze maradufu: mwenye paja hilo alikuwa kati ya sentimita 157 na 173. Ripoti inayosema "sentimita 165" na kuishia hapo inaahidi kitu ambacho mfupa haukusema. Hata mabingwa huteleza. Katika miaka ya 1990 watafiti walionyesha kwamba Trotter alipima mfupa wa muundi bila ile ncha ya chini inayounda fundo la mguu, ingawa maelezo yake yalisema imo. Anayefuata maelezo hayo kwa uaminifu humrefusha marehemu kwa sentimita mbili au tatu.

Watoto ndio wasiostahili kabisa kupimwa hivi. Ncha za mifupa yao hazijaungana, na fomyula za watu wazima haziwahusu. Shakahola ilizika watoto wengi.

Pale mifupa yote ilipopatikana, ipo njia ya Georges Fully, daktari Mfaransa aliyeitumia kwa mabaki ya wafungwa wa kambi ya Mauthausen na kuichapisha mwaka 1956. Hujumlisha fuvu, pingili za uti wa mgongo, paja, muundi na kifundo, kisha huongeza kiasi cha nyama na gegedu. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji kubahatisha kabila la mtu.

Ombi langu ni kwamba ofisi yako ianze kukusanya vipimo vyetu wenyewe. Hospitali zinafanya upasuaji wa maiti kila siku. Familia ikiridhia, urefu wa mwili na wa mifupa unaweza kuandikwa pamoja, kwa eksirei pasipo kukata chochote, mradi ikumbukwe kuwa mwili uliolala huwa mrefu kidogo kuliko mtu aliyesimama. Vyuo vyetu vikuu vina wanaanatomia wa kuzichambua takwimu hizo.

Hilo litachukua miaka. Wakati huohuo, kila ripoti itaje mfupa uliopimwa, fomyula iliyotumika, na kimo cha chini na cha juu. Familia zisomewe vyote viwili.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa biolojia, Kaunti ya Kilifi