Barua kwa gereji: klachi niliyoilipia haikutoka garini

Chavakali,
Kaunti ya Vihiga.
28 Januari 2025

Kwa Meneja wa Huduma,
Kisumu.

Bwana Meneja,

KUH: MALIPO YA KLACHI AMBAYO HAIKUBADILISHWA

Mimi ndiye mwenye Volkswagen Beetle 1500 ya mwaka 1968, ile ya rangi ya maziwa, iliyoingia kwenu Jumanne tarehe 14 Januari asubuhi. Kijana wenu wa mapokezi atanikumbuka. Aliniuliza kama naliuza gari kabla hajaniuliza lina shida gani.

Shida yenyewe nilimweleza vizuri. Klachi ilikuwa inateleza. Nikiwa gia ya nne kwenye mlima, nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo. Nilijua pleti, ile sahani ya klachi inayosagika, imeisha kwa sababu tuliifunga mwaka 2009, na gari hili hupanda mlima wa Riat si chini ya mara mbili kwa wiki. Sikuja kuomba ishikiliwe-shikiliwe. Nilisema badilisheni klachi yote, naye akaandika hivyo hivyo kwenye fomu, nikatia sahihi.

Saa tisa alasiri nikapigiwa simu kwamba gari ni tayari. Bili ilikuwa hivi: seti ya klachi shilingi 18,000, kuchonga flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hushikana nalo) 3,500, ufundi 9,000, na VAT asilimia 16 juu yake. Jumla 35,380. Nililipa kwa M-Pesa papo hapo bila kupunguziwa hata senti, na risiti ninayo.

Kabla ya kuondoka niliomba spea zangu za zamani. Ni mazoea yangu, si kwamba nawashuku mafundi; pleti iliyokwisha huniambia nimekuwa nikiendesha namna gani. Nikaambiwa zimeshachukuliwa na lori la chuma chakavu mchana ule ule. Niliona ajabu kidogo kwamba chuma chakavu kina haraka kuliko mteja, lakini nikanyamaza. Laiti ningesisitiza.

Kutoka mjini hadi Kondele, na Kondele hadi Mamboleo, gari lilikwenda vizuri. Pedali ilikuwa imesimama, ukiigusa tu inashika. Mke wangu akasema leo gari limerudia ujana. Nyuma tulikuwa na magunia mawili ya mchele wa Ahero, basi. Tulipoanza kupanda Riat nikaingiza gia ya tatu, na kabla hatujafika katikati ya mlima kelele ile ile ikarudi, safari hii mbaya zaidi. Nikashuka gia ya pili. Injini ikalia kama inayotaka kuruka nje, gari likitambaa kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Kisha ikaja harufu ya kwato za ng'ombe zinazochomwa. Makanga wa matatu iliyotupita akachomoza kichwa dirishani akapiga kelele, "Mzee, unaungua nyuma!" Nikatazama kwenye kioo, kweli moshi ulikuwa unatoka chini ya bampa.

Niliwapigia simu nikiwa kando ya barabara, saa kumi na moja na dakika kadhaa. Yule aliyepokea alinijibu kwa maneno ambayo mpaka leo yananikaa kooni: "Gari kuukuu ndivyo lilivyo, mzee. Huenda unalaza mguu kwenye klachi." Bwana Meneja, naendesha gari tangu 1979, na sijawahi kulaza mguu kwenye klachi hata siku moja. Na kuhusu ukuukuu, mwaka 1962 gari la aina hii hii, lenye injini ya 1200, ndogo kuliko yangu, ndilo lililoshinda Safari Rally. Riat si kitu kwa Volkswagen yenye klachi nzima. Nilikodi brekidauni kwa shilingi 6,000, tukafika nyumbani usiku. Mke wangu alipanda bodaboda na mchele ukabaki garini hadi kesho yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi tarehe 18 Januari nilimwita fundi wa jua kali wa hapa Chavakali, kijana ambaye hana bango wala ofisi. Kama mnavyojua, kwenye gari hili huwezi kufikia klachi mpaka utoe injini, na injini hushikwa kwenye giaboksi kwa boliti nne tu, mbili juu, mbili chini. Alijilaza chini ya gari na tochi, akakaa kimya kidogo, kisha akaniita: "Mwalimu, hebu njoo uone." Nikapiga magoti. Juu ya nati ya chini, upande wa kulia, palikuwa na kiota cha nyigu cha udongo, kimekauka kabisa, kimeifunika nati yote na kushika mpaka kwenye chuma cha giaboksi. Kilikuwa na matundu matatu ambayo nyigu wachanga walishatoboa wakatoka. Kiota cha aina hiyo ni kazi ya majuma. Hakuna spana iliyopita pale tarehe 14.

Nilimzuia asikivunje mpaka nilipokipiga picha. Zimo ndani ya bahasha hii, tatu, pamoja na nyingine nne.

Alipotoa injini, nikaona klachi yangu. Nasema yangu kwa sababu naifahamu. Mwaka 2009 tulipoifunga mimi na marehemu kaka yangu, tulipiga presha pleti, lile bamba linaloibana pleti kwenye flaiwili, nukta tatu kwa sentapanchi, karibu na boliti moja, ili siku nyingine tujue mahali ilipokaa. Nukta hizo tatu ziko pale pale. Pleti nayo imeisha mpaka riveti zimelingana na lainingi, ule utando wake wa kushikia, na nyingine zimeanza kula chuma. Flaiwili ambayo nimelipa 3,500 ichongwe ina mitaro miwili ambayo ukipitisha ukucha unanasa, na madoa ya samawati ya kuungua. Sili ya oili nyuma ya flaiwili ni kavu, kwa hiyo isije ikasemwa kwamba ni oili iliyoteleza.

Karatasi yenu nayo inawasuta. Bili imeandikwa "seti ya klachi, milimita 180." Hiyo ni ya Beetle 1200. Beetle 1500 yangu hufungwa ya milimita 200, na presha pleti ya 180 haikai kwenye flaiwili yake, maana hata matundu ya boliti hayalingani. Kama kweli mngejaribu kuifunga mngenipigia simu ndani ya dakika tano kuniambia spea haiingii. Hamkunipigia kwa sababu hakuna aliyejaribu.

Mlichofanya kinajulikana. Upande wa kushoto wa giaboksi, mwisho wa kebo ya klachi, kuna nati yenye masikio mawili ambayo mtu huzungusha kwa vidole. Uzi wa kebo pale ni wenye kutu isipokuwa kipande kama upana wa kidole, ambacho kinang'aa kwa sababu nati imetoka kusogezwa. Kazi yote ya shilingi 35,380 ni huo mng'ao.

Na mlisogeza vibaya. Naomba fundi wenu asomewe sehemu hii. Pedali ya gari hili yapaswa kuwa na mchezo, yaani mwendo mtupu wa pedali, wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta kitu. Kadiri pleti inavyoisha ndivyo mchezo ule unavyopungua, na dawa yake ni kulegeza nati ili urudi, na pleti ikishafika kwenye riveti hata kulegeza hakusaidii tena, ni kubadilisha tu. Yeye aliikaza. Aliumaliza mchezo wote, beringi ya klachi, ile inayosukumwa na pedali, ikawa inasukuma presha pleti muda wote hata nikiwa nimetoa mguu, kana kwamba kuna mtu wa pili amekanyaga klachi nusu. Ndiyo sababu pedali ilikuwa imesimama na mke wangu akausifu ujana wake. Pia ndiyo sababu klachi iliyokuwa inateleza kidogo iliwaka moto kabla ya nusu ya mlima, na beringi imekaangika mpaka ikageuka rangi.

Nawaambia ukweli, mngeniambia, "Mzee, hatuna spea ya 200, tumekuwekea mchezo wa pedali sawasawa, lete shilingi 500 na utafute seti Nairobi," ningewashukuru na ningewatumia wateja. Wenye magari haya huku magharibi tunafahamiana, na tunaulizana mafundi.

Ninachotaka ni shilingi 35,380 zirudi zote, na shilingi 6,000 za brekidauni. Flaiwili nitaichonga mwenyewe kwa gharama yangu, maana mitaro ile ilikuwapo kabla sijaja, nami sidai kisicho changu. Beringi mtanilipia, 2,500, kwa sababu hiyo mliiunguza ninyi. Jumla 43,880. Sitaki kuambiwa nilete gari tena mlitazame, wala sitaki vocha ya huduma.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Nawapa siku 14 kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii. Zikipita, nitapeleka bili, risiti na picha katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hapo sitahitaji wakili, nitakuja na fundi wangu na gunia.

Gunia ninalosema lina presha pleti yenye nukta tatu, pleti iliyokwisha na beringi. Kipande cha kiota cha nyigu nacho kimo, kimefungwa kwenye gazeti. Mkitaka kuvitazama kabla ya kunijibu, tumeni mtu yeyote siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Akifika kituo cha Chavakali aulize kwa mwalimu wa Volkswagen, ataonyeshwa.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu,
mwenye Volkswagen ya rangi ya maziwa

Viambatisho: nakala ya bili, nakala ya ujumbe wa M-Pesa, nakala ya risiti ya brekidauni, picha 7.