Saa za wazee wetu zinahukumiwa kwa vipimo visivyo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniumiza kila ninapopita kwa mafundi saa wa hapa Dodoma. Saa za zamani za thamani, zile ambazo wazee wetu walizivaa serikalini na relini, zinapimwa kwa vipimo vilivyozoeleka katika kutafuta kasoro za saa mpya za bandia, na kwa sababu hiyo saa halisi inaitwa feki na kununuliwa kwa bei ya kutupa, huku ya bandia ikisifiwa kuwa ndiyo orijino.

Mwezi Julai, upepo wa vumbi ukivuma kama kawaida yake, nilikuwa nimeketi kibarazani kwa fundi mmoja mzee karibu na soko la Majengo alipofika mama mjane na saa ya marehemu mumewe, aliyekuwa karani wa reli. Ilikuwa Omega Seamaster, saa ya kampuni ya Omega ya Uswisi, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, mkanda wa ngozi umekatika. Kijana anayenunua saa kuukuu aliipokea kabla ya fundi, akaipima uzito kiganjani, akakigonga kioo kwa ukucha, akaitazama akrabu ya sekunde kwa muda mfupi, kisha akatoa hukumu: "Mama, hii ni kopi. Nyepesi, kioo cha plastiki, na sekunde inadonoadonoa. Nitakupa elfu ishirini nichukue spea." Akavua ya kwake amwonyeshe orijino inavyokuwa: nzito, kioo kigumu, akrabu inateleza kama mafuta.

Yote aliyoyaona yule kijana yalikuwa kweli, ila hukumu aliyoijenga juu yake ndiyo iliyopinduka. Seamaster nyingi za miaka ya 1960 zilitengenezwa nyembamba na ndogo, upana wa milimita 34 au 35, ili ziingie chini ya mkono wa shati, kwa hiyo wepesi haukuwa kasoro. Kioo cha plastiki nacho hakikuwa hila, kwani Omega Speedmaster aliyoivaa mwanaanga wa Marekani Buzz Aldrin alipotembea mwezini Julai 1969 ilikuwa na kioo cha namna hiyohiyo, ambacho hukwaruzika upesi lakini hakivunjiki vipandevipande. Na kuhusu akrabu, mashine nyingi za Omega za wakati ule hupiga mara 19,800 kwa saa, yaani mapigo matano na nusu kwa kila sekunde, ilhali mashine za kisasa, hata za bei nafuu zinazotiwa ndani ya kopi, hupiga 21,600 au 28,800, na kadiri mapigo yanavyozidi ndivyo akrabu inavyoonekana kuteleza. Akrabu inayoteleza inatuambia tu kwamba mashine ni ya siku hizi, na kwa saa inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1960 huo ni ushahidi wa kuitia hatiani.

Fundi alisema kwa upole, "Mwanangu, lete hapa tuifungue kwanza." Kabla ya kufungua alinipa lenzi yake nitazame katikati ya kioo, na pale, katika plastiki iliyojaa mikwaruzo, palikuwa na alama ya Omega ndogo kiasi kwamba bila lenzi ungeidhani ni punje ya vumbi. Mfuniko wa nyuma ulipotoka tuliona mashine yenye rangi nyekundu ya shaba, gurudumu lake dogo likipepea huku na huku, na namba ya tarakimu 8 inayoanzia na 24, namba ambayo humrudisha mtu kwenye miaka ya 1960. Ndani ya mfuniko palikuwa na jina la kampuni katika umbo la pembetatu. Kijana alinyamaza, akaomba naye atazame, na nilimheshimu kwa hilo.

Kipimo kingine kinachopotosha watu ni mwanga wa gizani. Nimewasikia wengi wakisema saa halisi lazima ing'ae usiku kucha. Chini ya tarakimu 6, pale sisi tunaposoma saa kumi na mbili, saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1960 na kuendelea zina herufi T pembeni ya neno "Swiss", na herufi hiyo humaanisha kwamba rangi yake ing'aayo ina tritiamu, kitu chenye mnururisho kinachoifanya iwake. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushee, kwa hiyo baada ya miaka 50 hubaki takriban sehemu moja ya kumi na sita. Saa ya umri huo inayowaka kama taa imepakwa upya au imebadilishwa akrabu. Zilizotangulia zilitumia radiamu, nayo ya mnururisho, ambayo huchukua karibu miaka 1,600 kupungua nusu, na hapa nawasihi mafundi wenzangu wa kujifunzia nyumbani wasiikwangue wala kuipuliza rangi hiyo hata kama haing'ai tena, kwa maana sumu yake bado ipo.

Ninayasema haya kwa kuwa nami nimeharibu. Saa ya baba yangu niliipeleka katika duka moja mjini isafishwe tu, ikarudi na uso mpya unaometameta, nikashukuru na kulipa. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeanza kukusanya saa na kununua lenzi yangu, ndipo nilipoona herufi zimevimba na kuchuruzika kingo, na vistari vya dakika havikutani na alama za saa. Mashine ni ileile ya baba, lakini uso aliokuwa akiutazama yeye kila asubuhi haupo tena na hakuna awezaye kunirudishia. Kwa mtazamo wangu, uso uliopakwa upya bila mwenyewe kuambiwa ni udanganyifu wa jamaa moja na saa ya bandia.

Wala tusidhani wakubwa hawadanganyiki. Novemba 2021 huko Geneva, katika mnada wa kampuni ya Phillips, Omega Speedmaster ya toleo la kwanza iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na aliyeinunua ni kampuni ya Omega yenyewe kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kuwa ni saa ya viraka, iliyounganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, vingi vyake vikiwa halisi, na kampuni ikasema kuwa wafanyakazi wake wa zamani walihusika. Ndiyo maana mtu anayeangalia kitu kimoja, mathalani ile lenzi iliyo kwenye kioo cha Rolex juu ya tarehe, inayoikuza mara 2.5, ambayo watengeneza kopi wamekwisha kuiiga, hawezi kusema amepima saa. Kinachotakiwa ni kuuliza kama uso, akrabu, mashine na mfuniko vimezeeka pamoja.

Tume ya Ushindani inayo kazi yake ya kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na sitaki kuiingilia. Ombi langu ni kwa wanaonunua saa kuukuu na kwa mafundi: mwandikieni mteja kwenye risiti namba ya mashine mliyoikuta, na kila kitu mlichobadilisha, hata kama ni kioo tu. Na kwa familia zenye saa ya marehemu kabatini, msiipeleke popote kung'arishwa, wala msiitie ufunguo kwa nguvu, kwani mafuta yake yamekauka na vumbi letu hupenya hata palipofungwa.

Mama yule hakuuza. Fundi alimwandikia namba ya mashine kwenye kipande cha karatasi bila kumtoza kitu, naye akakifunga pamoja na saa katika pindo la kanga yake.

Mkusanyaji wa saa za zamani,
Chang'ombe, Dodoma