Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: mtunza kiwanja naye alindwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nakuru, ambako ninawafundisha vijana kriketi. Ombi langu ni moja. Serikali inapopambana na wanaouza mechi, imkumbuke mtunza kiwanja. Wachezaji wanaonywa kila mara, na makocha wanatia sahihi kanuni za maadili. Mwenye rola na bomba la maji hakuna anayemwita kwenye kikao, ilhali katika kriketi yeye anaweza kuielekeza mechi kabla sarafu haijarushwa.

Wakenya wengi ni watu wa kandanda, kwa hivyo niruhusu nieleze. Katika kriketi mpira kwa kawaida hudunda chini kabla ya kumfikia mpigaji, na hapo unapodunda ni kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 20 hivi na upana wa mita 3. Sisi tunakiita pichi. Pichi ikimwagiliwa kwa kiasi na kushindiliwa vyema, mpira huinuka sawasawa na mpigaji hodari anaweza kusimama hapo siku nzima. Ikinyimwa maji, nyasi zikanyolewa na uso wake ukasuguliwa kwa brashi, udongo hupasuka, mpira hukata kona ghafla, na wapigaji huondoka mmoja baada ya mwingine. Sasa fikiria mechi ya testi, inayochezwa kwa siku 5 na ambayo inaweza kuisha bila mshindi. Anayejua kwamba pichi hii haitafika siku ya tano anajua pia kwamba, mvua isiponyesha, sare haipo. Anaweka pesa zake kwa utulivu kabisa. Hana haja ya kumhonga mchezaji hata mmoja.

Hili si wazo la kutungwa. Oktoba 2017, huko Pune nchini India, waandishi wa televisheni walijifanya wacheza kamari wakamwendea msimamizi wa pichi kabla ya mechi ya India na New Zealand. Alisimamishwa kazi siku ileile ya mechi. Baadaye Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilimfungia miezi 6, na kosa alilopatikana nalo ni kutoripoti kwamba alifuatwa. Mwaka uliofuata Al Jazeera ilirusha filamu ya uchunguzi iliyodai kwamba pichi ya Galle, Sri Lanka, ilikuwa ikitengenezwa kwa matakwa ya wacheza kamari. Haki inataka niseme pia kwamba mwaka 2021 ICC iliufunga uchunguzi wake ikisema ushahidi haukutosha kuwafungulia mashtaka watu watano waliotajwa. Hata hivyo mlango ulioonyeshwa na filamu ile upo katika kila kiwanja duniani, na hata hapa kwetu.

Rudi kwenye lile kosa la Pune, Mheshimiwa. Kutoripoti. Ndilo kosa lililomfungia Shakib Al Hasan wa Bangladesh mwaka 2019, mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake, ambaye hakuuza mechi bali alinyamaza alipofuatwa. Kwa hiyo kanuni za mchezo huu zinamwadhibu mtu kwa kukaa kimya. Ni kanuni nzuri, naiunga mkono. Lakini mtunza kiwanja wa Nakuru, Kisumu au Kakamega ataripoti kwa nani? Nani amewahi kumwambia kwamba kuna kosa la namna hiyo? Tunamdai uaminifu ambao hatujamfundisha, na tunamlipa ujira usiomsaidia kuulinda.

Najua kuna watakaosema kriketi yetu ni ndogo mno kuwavutia walaghai. Mwaka 2003 timu yetu ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia baada ya kuilaza Sri Lanka hapa Nairobi. Mwaka uliofuata tu, Maurice Odumbe, aliyewahi kuwa nahodha wetu na shujaa wa ushindi dhidi ya West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, mwaka 1996, alifungiwa miaka 5 kwa kupokea pesa kutoka kwa mcheza kamari. Alitumikia adhabu yake, akarudi uwanjani, na sina nia ya kumrushia mawe leo. Ninachosema ni kwamba walitujia tulipokuwa juu. Sasa tuko chini, hadhi ya kimataifa ya mechi zetu za siku moja ilitutoka mwaka 2014, na aliye chini hununuliwa kwa bei rahisi zaidi.

Kandanda imeshatuonyesha hayo huko magharibi mwa nchi. Februari 2020 FIFA iliwaadhibu wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo ya mechi za ligi, mmoja wao kwa kufungiwa kucheza maisha. Hiyo ni ligi ya nyumbani, ambayo mashabiki wengi hawaitazami hata kwenye runinga. Kuna aliyekuwa akiitazama, na alikuwa na pesa.

Tena kiwanja hakihitaji kuwa na jina. Mwaka 2022 polisi wa Gujarat, India, waliwakamata watu waliokodi shamba kijijini Molipur, wakatengeneza pichi, wakafunga taa na kamera, wakawalipa vibarua wa mashambani rupia 400 kwa mechi ili wavae jezi na kujifanya wachezaji wa ligi kubwa. Mechi zilirushwa mtandaoni na watu wa Urusi wakazibetia. Kama shamba la Molipur liliweza kuingia katika soko la kamari la dunia, kiwanja chetu kitashindwa na nini? Siku hizi hata mashindano ya vijana mtu anayarusha moja kwa moja kwa simu yake, na sisi wazazi na makocha tunafurahi kwamba watoto wanaonekana.

Nikueleze hali ilivyo upande wetu. Watunza viwanja ninaowajua mimi ni vibarua. Wanaitwa kuna mashindano, wanalipwa kwa siku, na mvua ikivuruga ratiba hawalipwi. Mmoja anaijua pichi yake kuliko kocha yeyote: anajua kona inayokauka mapema, anajua upepo wa ziwani unachofanya mwezi Februari. Hana barua ya ajira. Na mahali pasipo na pichi ya udongo tunatandaza zulia la mkonge au la nailoni, ambalo ni rahisi zaidi kulivuruga kwa hila. Ukilikaza, mpira unaruka. Ukililegeza kidogo asubuhi, mpira unakwama na kugeuka. Kazi ya dakika chache, na hakuna refa atakayegundua. Mtu wa kazi hiyo akitumiwa shilingi elfu tano kwa simu na mgeni anayeuliza tu "pichi ya kesho ikoje, ndugu yangu?", atajua vipi kwamba amekwisha kuingia mtegoni? Swali lenyewe linaonekana la kirafiki. Ndivyo wanavyoanza, kwa habari ndogo, halafu ombi, halafu kitisho.

Kwa hivyo naomba kila kiwanja kinachoandaa mashindano yanayotambuliwa na serikali kiwe na mtunza aliyeajiriwa kwa mkataba, analipwa kwa mwezi, kunyeshe au kuwake. Naomba pichi iwe na daftari lake: nani alimwagilia, saa ngapi, rola ilipita mara ngapi, na siku mbili kabla ya mechi asiikaribie mtu asiyeandikwa humo. Na zaidi ya yote naomba namba ya kuripoti isiyopitia kwa viongozi wa klabu wala wa chama, maana mara nyingine anayekuja na bahasha huletwa na mkubwa. Atakayepiga namba hiyo jina lake lifichwe, na kibarua chake kisiote nyasi kwa sababu amesema kweli.

Kuhusu sheria sitasema mengi, mawakili wapo. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2004 inayotaja rushwa michezoni waziwazi, na mwaka 2019 mchezaji wa zamani Gulam Bodi alihukumiwa kifungo cha miaka 5 kwayo. Sri Lanka ilipitisha yake mwaka huohuo wa 2019, yenye kifungo cha hadi miaka 10. Wataalamu wako wazisome zote mbili, wakiangalia kama zinawagusa wanaoandaa uwanja sawa na wanaocheza humo.

Nakualika Nakuru, Mheshimiwa, asubuhi ya siku yoyote ya mazoezi. Usije na msafara. Njoo uzungumze na watunza viwanja wenyewe, uwaulize wanalipwa nini na nani huwapigia simu. Na hata usipofika, naomba jibu la maandishi kuhusu mkataba na kuhusu namba hiyo, kabla mashindano ya vijana ya msimu ujao hayajaanza.

Wako mtiifu,
Mkufunzi wa kriketi ya vijana,
Nakuru