Dawa za akili, unene na sukari: kipimo kinachosahaulika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu kisukari, ambamo mwandishi wenu alilimaliza shauri lote kwa kusema kuwa mtu mnene mwenye sukari ajilaumu mwenyewe kwa chapati na chai anayokunywa asubuhi na jioni. Sipingi kwamba ulaji una sehemu yake, tena kubwa. Hapa Tanga, ambako mahamri na mbaazi za nazi ndiyo staftahi yenyewe, ningekuwa kichekesho nikipinga. Ninachopinga ni kuishia hapo.

Mdogo wangu, ninayeishi naye Ngamiani, aliugua maradhi ya akili miaka michache iliyopita, akaanzishiwa olanzapini katika kituo kimoja cha tiba ambacho sina haja ya kukitaja. Dawa ilimfaa. Sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza, akarudia kulala usiku, na alasiri akawa anakwenda barazani kucheza bao kama zamani. Akaanza pia kunenepa. Suruali zake zote ziligawiwa watoto wa shangazi, mama akafurahi, majirani wakipita wanasema, "Mashallah, kanawiri," nasi tuliokuwa tumemwona akikonda kwa ugonjwa tukauhesabu unene ule kuwa ni siha iliyorudi. Kilichonishtua ni mlio wa kata ikigonga mtungi usiku wa manane, mara tatu, mara nne, kisha mlango wa uani unafunguliwa. Tulipompima kabla hajala, sukari ilisoma milimoli 14.2 kwa lita, ilhali 7 tu ndiyo mpaka wa kuanzia kumhesabu mtu kuwa na kisukari. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imejaa tarehe na mihuri, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja wa uzito wala wa sukari.

Nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na kwa hiyo nitaomba radhi kwa somo fupi lifuatalo. Dopamini ni mojawapo ya kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana ujumbe. Arvid Carlsson wa Uswidi ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba ina kazi yake yenyewe ubongoni, na mwaka 2000 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Dawa nyingi za maradhi kama ya mdogo wangu, tangu klopromazini iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, huziba vipokezi vya dopamini katika ubongo, yaani zile sehemu za seli zinazoupokea ujumbe wake, na ndiyo maana zinatuliza. Lakini vipokezi vya namna hiyo havikai ubongoni peke yake. Vimo pia kwenye seli beta, yaani zile zinazotengeneza insulini ndani ya vile visiwa vidogo vya kongosho alivyovieleza Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869. Seli hizo huweza hata kujitengenezea dopamini kidogo zenyewe, na inapogusa kipokezi chake pale, hupunguza insulini inayotoka. Ni kama breki ya baiskeli kwenye mteremko: haizuii safari, inazuia kuanguka.

Sasa dawa ikikishikilia kipokezi, breki hiyo hulegea na insulini huweza kumwagika kupita kiasi. Msomaji atasema, si ndiyo vizuri, maana insulini hushusha sukari? Hapo ndipo wengi hupotea. Insulini ndiyo inayouamuru mwili uweke akiba ya mafuta, na ini na misuli vikiamriwa hivyo mchana na usiku, hatimaye huzizoea amri na kuacha kuzitii. Wakati huohuo dawa ileile, kwa kuziba vipokezi vingine ubongoni, hasa vya histamini na vya serotonini, ambazo nazo ni kemikali za ujumbe, humfanya mgonjwa asishibe. Mdogo wangu alikuwa akimaliza sinia la wali na kuuliza kama sufuriani kumebaki ukoko. Unene ukiongezeka, seli beta hulazimika kufanya kazi zaidi ili amri zisikike, mpaka baadhi ya watu zinawachokea, na sukari inapanda. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ni mlafi ni kumwonea.

Niongeze jambo moja, kwa kuwa najua liko litakaloulizwa kwenye duka la dawa. Bromokriptini, ambayo huviamsha vipokezi vya dopamini na ambayo wengi waliijua kama dawa ya kukausha maziwa ya mama, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa kisukari cha aina ya pili, ikimezwa asubuhi. Faida yake hutokana zaidi na ubongo kuliko kongosho. Asiitafute mtu kwa ajili ya ndugu yake mgonjwa wa akili, kwa sababu inaweza kumrudishia zile sauti. Vilevile asimwachishe dawa aliyoandikiwa kwa kuogopa sukari. Kukata dawa ghafla ni hatari kuliko unene wenyewe.

Ombi langu ni dogo. Mwaka 2004 chama cha kisukari na kile cha madaktari wa akili vya Marekani, pamoja na wenzao, walikubaliana kwamba anayeanzishiwa dawa za kundi la olanzapini apimwe uzito na sukari kabla ya kuanza, uzito urudiwe katika wiki ya 4, ya 8 na ya 12 na baadaye kila miezi mitatu, na sukari irudiwe katika wiki ya 12, kisha walau mara moja kwa mwaka. Hakuna hapo kinachohitaji mashine ya kuagizwa ng'ambo. Mizani ya watu wazima ipo kliniki ya wajawazito, vyumba viwili kutoka pale mdogo wangu anapochukulia dawa, na kipimo cha sukari ni tone la damu ya kidoleni.

Daktari amembadilishia dawa na kumwongezea metformini, dawa ya kushusha sukari, na jioni tunatembea pamoja hadi Raskazone na kurudi. Katika kadi yake mpya nimechora safu mbili kwa rula, moja ya uzito na moja ya sukari. Muuguzi alizitazama mara ya kwanza, akaniuliza nani amenituma, kisha akampandisha mgonjwa kwenye mizani.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga